Kutu katika Vali ya Moshi: Maradhi ya Injini ya Dizeli Iliyolala

Mji wa Katesh, makao makuu ya Wilaya ya Hanang katika Mkoa wa Manyara, umejengwa chini ya Mlima Hanang, mahali palipoinuka zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo hadi pwani ya Tanga ni karibu kilomita 400 kwa mstari ulionyooka. Huenda basi msomaji akashangaa kuelezwa kwamba injini ya dizeli inayoendesha mashine ya kusaga mahindi katika kijiji cha Hanang, na injini ya dizeli inayozalisha umeme ndani ya boti pwani, huugua maradhi yale yale. Maradhi hayo ni kulika kwa vali ya kutolea moshi. Watu wengi hudhani kwamba vali hiyo huharibiwa na moto. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba aghalabu maji ndiyo yanayoanza kuiharibu, nayo hufanya kazi hiyo wakati injini imezimwa na mwenyewe ameshakwenda zake.

Jambo hili lina uzito wake katika maisha ya watu. Mashine ya kusaga ikisimama, akina mama hubeba magunia hadi kijiji cha mbali. Jenereta ya akiba ya zahanati ikikataa kuwaka siku umeme umekatika, chanjo ambazo hazina budi kuwekwa katika baridi ya kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8 za Sentigredi huanza kupata joto. Zaidi ya hayo, kuenea kwa umeme wa gridi kumebadili maisha ya injini nyingi za dizeli. Injini iliyokuwa ikinguruma kutwa nzima sasa huamshwa kwa nadra, tena kwa dakika chache. Mwenye mashine huona kwamba ameipumzisha, kumbe ndipo ameiweka katika hatari kubwa zaidi.

VALI YA MOSHI NA KAZI YAKE

Injini ya dizeli haina plagi za kuwashia moto. Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini yake ya kwanza iliyofanya kazi barabara ilijaribiwa mwaka 1897 mjini Augsburg, alitumia kanuni iliyo wazi kwa kila aliyewahi kutia upepo tairi la baiskeli: hewa ikigandamizwa hupata joto. Ndani ya silinda hewa hugandamizwa hadi kufikia joto la nyuzi 500 na zaidi, kisha dizeli hunyunyizwa na nozeli, nayo hushika moto yenyewe. Kwa hiyo bila ya mgandamizo, yaani kompresheni, hakuna moto. Na bila ya vali zinazofunga vizuri hakuna mgandamizo.

Kila silinda ya injini ya mapigo manne ina vali moja ya kuingizia hewa na nyingine ya kutolea moshi, ingawa zipo injini zenye zaidi ya hizo. Umbo la vali ni kama la uyoga: lina kichwa cha duara na shina refu. Ukingo wa kichwa hukaa juu ya kiti cha chuma kilichochongwa kwa mshazari, mara nyingi wa nyuzi 45, na springi huuvuta ukingo huo ubane sawasawa. Shina nalo hupanda na kushuka ndani ya bomba fupi la mwongozo.

Vali ya hewa hupozwa na hewa inayoingia. Vali ya moshi haina bahati hiyo. Hupitiwa na gesi zenye joto la nyuzi mia kadhaa, na kichwa chake chaweza kufikia nyuzi 600 au 700. Kama si kupata njia ya kutoa joto hilo, ingeungua upesi. Njia yenyewe ni ile nafasi fupi ambamo vali imefunga na kukaa juu ya kiti chake: karibu robo tatu ya joto hutoka kupitia kiti na kuingia katika kichwa cha silinda kinachopozwa kwa maji au kwa hewa, na lililosalia hupitia shina. Katika jenereta inayozunguka mara 1,500 kwa dakika, vali hiyo hufunguka na kufunga mara 750 kila dakika. Ni dhahiri kwamba kiti chenye vishimo, hata viwe vidogo kama ncha ya sindano, huikosesha vali mahali pa kupumulia joto lake.

MAJI YATOKAYO MOTONI

Wengi hujiuliza maji hutoka wapi, maadamu ndani ya silinda kuna moto mkali. Jibu ni kwamba moto wenyewe ndio unaoyazaa. Dizeli imeundwa kwa kaboni na hidrojeni. Inapoungua, kaboni huungana na oksijeni ya hewa kuwa gesi ya kaboni dioksidi, na hidrojeni huungana na oksijeni hiyo hiyo kuwa maji. Kila lita moja ya dizeli inayoungua huzaa takriban lita moja ya maji. Hatuyaoni kwa sababu hutoka yakiwa mvuke. Lakini mvuke ukikuta chuma kilicho na baridi, hugeuka kuwa matone, kama tuonavyo chini ya kifuniko cha sufuria ya wali.

Katika dizeli mna pia salfa kidogo. Tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimeweka kikomo cha miligramu 50 za salfa katika kila kilo ya dizeli. Kabla ya hapo kiwango kilichoruhusiwa kilikuwa kikubwa zaidi mara nyingi. Salfa inapoungua hutoa gesi ambayo sehemu yake huchanganyika na mvuke kuwa tindikali ya salfa. Tindikali hii hutangulia maji katika kuganda: huweza kugeuka matone juu ya chuma chenye joto linalozidi nyuzi 100, ambapo maji matupu bado ni mvuke. Dizeli ya sasa imepunguza sana madhara hayo, lakini haikuyaondoa. Na maji yanayozaliwa na moto hayakupungua hata kidogo.

Tuangalie sasa injini inayowashwa kwa dakika tano ili kuona kama ni nzima, kisha ikazimwa. Kwa muda huo mfupi bomba la moshi na sailensa havijapata joto la kutosha. Mvuke umegeuka maji na kutuama ndani ya sailensa. Baada ya kuzimwa, maji hayo hupanda polepole kama unyevu hadi kwenye vali. Aidha, injini inapopoa, hewa iliyomo ndani yake hunywea, na nafasi iliyoachwa hujazwa na hewa yenye unyevu kutoka katika bomba la moshi. Kwa maneno mengine, injini inayopoa huvuta pumzi, na pumzi hiyo ni ya maji.

KUTU HUANZA, MOTO HUMALIZA

Katika kila mizunguko miwili ya injini, vali ya moshi huwa wazi kwa karibu theluthi moja ya muda wote. Kwa hiyo injini ikizimwa bila ya kuangaliwa, yaweza kusimama vali hiyo ikiwa wazi. Hapo njia ya kutoka katika bomba la moshi hadi ndani ya silinda haina mlango.

Masizi yaliyoganda juu ya vali hufanya kazi kama sponji: hunyonya unyevu na kuushikilia pamoja na mabaki ya tindikali. Chini ya masizi hayo chuma huanza kulika. Ni kweli kwamba vali nyingi za moshi hutengenezwa kwa chuma chenye kromi, ambayo hujifunika kwa utando mwembamba wa oksidi usiopitisha oksijeni. Lakini tindikali hudhoofisha utando huo, na chumvi huutoboa. Mahali palipotobolewa huwa kishimo, na kishimo hushika unyevu zaidi kuliko mahali palipo laini. Shina nalo hupata kutu ndani ya mwongozo wake na kuanza kukwama.

Siku injini inapowashwa, moto huchukua zamu. Gesi kali hupenya katika vile vishimo kwa kasi kubwa, mfano wa ncha ya moto wa fundi wa kukata chuma. Vali haikai sawasawa, hivyo haipoi, hivyo hulainika, hivyo hukatwa zaidi. Baada ya muda ukingo wake huonekana kama ulioumwa na panya. Fundi anayeifungua wakati huo husema kwamba vali imeungua, naye hasemi uongo. Hata hivyo chanzo mara nyingi ni kutu ya majuma mengi yaliyotangulia.

HALI YA HANANG

Mambo matatu huongeza ugonjwa huu katika nyanda za Hanang. La kwanza ni wepesi wa hewa. Katika kimo cha mita 1,700 hivi, hewa ni pungufu kwa kiasi cha moja ya sita ikilinganishwa na ile ya pwani. Injini isiyo na pampu ya kusukumia hewa, ambayo kiasi chake cha dizeli kilipangwa kwa hewa nzito ya usawa wa bahari, hupata chakula kingi kuliko pumzi. Hutoa moshi mweusi, na masizi yale yanayotunza unyevu huongezeka. Dawa yake ni kumwita fundi wa pampu apunguze dizeli kwa kadiri ya kimo, na mwenye mashine aridhike kwamba injini haitatoa nguvu zote zilizoandikwa kwenye kibati chake.

La pili ni baridi ya usiku, hususan miezi ya Juni na Julai. Chuma kilichopata joto mchana hupoa sana usiku, na umande hukaa ndani kama unavyokaa nje.

La tatu ni chumvi na magadi. Ziwa Balangida, lililo bondeni karibu na mlima, hukauka kwa sehemu kubwa wakati wa kiangazi na kuacha ganda jeupe ambalo wenyeji wamelichota kama chumvi tangu zamani. Mahali palipo na ardhi ya namna hiyo vumbi lake lina chumvi, na visima vingi vya Bonde la Ufa vina maji yenye madini mengi. Vumbi likipita kwenye kichujio kibovu, au maji hayo yakitiwa katika rejeta na kuvuja kupitia gasketi ya kichwa cha silinda, chumvi hufika kwenye vali bila ya kuwapo bahari.

SOMO KUTOKA BAHARINI

Katika boti ugonjwa huu huja kwa kasi, na kwa sababu hiyo mabaharia wamejifunza mengi ambayo mkulima wa Hanang aweza kuyatumia. Jenereta ya boti aghalabu hukaa chini ya usawa wa maji. Moshi wake hupozwa kwa kuchanganywa na maji ya bahari ndani ya bomba, ili bomba lisiunguze mbao wala watu. Kila lita ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi. Maji hayo yakirudi nyuma badala ya kwenda mbele, kituo chake cha kwanza ni vali ya moshi.

Hurudi kwa njia tatu. Injini ikizimwa, maji yaliyo juu zaidi huendelea kuvutana yenyewe ndani ya bomba, kama petroli inyonywavyo kwa mpira kutoka tangini, hadi yajaze sailensa na kupanda kwenye silinda. Pili, mawimbi ya nyuma husukuma maji ndani ya bomba. Tatu, injini inayokataa kuwaka huzungushwa na stata mara nyingi. Pampu huendelea kuleta maji, lakini hakuna moshi wenye nguvu wa kuyatoa. Kinga zake zajulikana: bomba la maji hupandishwa juu ya usawa wa bahari na kuwekewa kipenyo cha kuingiza hewa ili mvutano ukatike, bomba la moshi hupewa kongo lililoinuka kabla ya kushuka kwenda nje, na injini inapogoma, koki ya maji ya bahari hufungwa wakati wa kuizungusha, kisha hufunguliwa mara tu inapowaka.

Bomba la moshi la mashine ya kusaga halina maji ya bahari, lakini lina mvua. Bomba lililosimama wima juu ya paa bila ya kifuniko ni mfereji unaopeleka maji moja kwa moja kwenye vali. Kifuniko chepesi cha bati chenye bawaba, kinachoinuliwa na moshi na kuanguka chenyewe injini inapozimwa, au kona inayoelekeza mdomo wa bomba chini, hutosha kuyazuia. Bomba la kulala nalo yapasa literemke kutoka kwenye injini kwenda nje, kamwe lisielekee kwenye injini. Na pale palipo chini kabisa pawekwe tundu lenye skrubu ya kutolea maji yaliyotuama.

KUITAMBUA DALILI

Injini yenye vali iliyolika huwa nzito kuwaka asubuhi, hutoa moshi mweupe, na hupungukiwa nguvu. Ipo njia ya kupima isiyohitaji chombo chochote. Hakikisha kwanza kwamba dizeli imefungwa. Kisha zungusha injini polepole kwa mkono hadi pigo la kugandamiza, na uwe na msaidizi wa kusikiliza. Sauti ya kufoka ikisikika katika bomba la moshi, vali ya moshi ndiyo inayovuja. Ikisikika katika kichujio cha hewa, ni vali ya hewa. Ikisikika katika tundu la kutilia oili, tazama pistoni na ringi zake. Injini nzima hukataa kuzunguka na kuusukuma mkono nyuma.

KUITENGENEZA

Baada ya kufungua kichwa cha silinda na kubana springi kwa kifaa chake, kila vali itiwe alama ya mahali ilipotoka, kwa kuwa vali na kiti chake vimezoeana. Masizi yaondolewe kwa kipande cha mti mgumu au brashi ya waya laini, bila ya kukwaruza ukingo. Ndipo fundi aamue mambo matatu: je, shina limenyooka na halichezi mno ndani ya mwongozo wake, je, ukingo wa kichwa bado una unene ulioelezwa katika kitabu cha injini, na je, vishimo ni vya juu juu au vina kina?

Vishimo vikiwa vya juu juu, vali husagwa juu ya kiti chake kwa dawa ya msasa, kwa kuizungusha huku na huko na kuiinua kila mara, mpaka mkanda mmoja wa rangi ya kijivu usiokatika uonekane kuzunguka vali na kiti pia. Vishimo vikiwa na kina, kusaga kwa mkono hakufai. Kutazamisha tu vali ndani ya kiti na kupanua mkanda, na mkanda mpana hukusanya masizi. Hapo vali na kiti hupelekwa kwenye karakana yenye mashine ya kuchonga, au hubadilishwa. Kusawazisha vali kwa kuishikilia mkononi mbele ya jiwe la kunolea ni kuiharibu, kwa sababu mkono hauwezi kutunza mshazari ulio sawa pande zote.

Dawa yote ya msasa ioshwe kwa mafuta ya taa, maana punje zake zikibaki zitakula silinda. Vali zikisharudishwa na springi zake, kichwa kigeuzwe na mafuta ya taa yamiminwe katika tundu la moshi. Yasipopenya kwa dakika kumi, kazi ni njema. Kisha itiwe gasketi mpya, na nati zikazwe kwa mpango wa kukingamana, kidogo kidogo, hadi kiasi kilichotajwa na mtengenezaji. Mwisho ni kupima nafasi ya tapeti kwa vibati vya kupimia. Nafasi ya vali ya moshi mara nyingi huwa kubwa kuliko ya vali ya hewa, kwa kuwa shina lake hurefuka zaidi kwa joto. Ikiachwa ndogo mno, vali haitafunga ikipata joto, na kazi yote itakuwa ya bure. Baada ya saa chache za kazi nafasi hiyo ipimwe tena.

KUIZUIA

Kwanza, usiwashe injini kwa dakika chache na kuizima. Jenereta ya akiba iwashwe walau mara moja kwa mwezi, ifanye kazi kwa muda usiopungua nusu saa, tena ikiwa imebebeshwa mzigo usiopungua theluthi moja ya uwezo wake. Injini inayozunguka bila ya mzigo haipati joto la kukausha bomba wala la kuunguza masizi. Kabla ya kuizima, iondolee mzigo na kuiacha ipoe kwa dakika tatu hadi tano.

Pili, injini yenye silinda moja ikizimwa kwa siku nyingi, izungushwe kwa mkono hadi pistoni ifike juu ya pigo la kugandamiza na vali zote mbili zifunge. Alama yake ni kwamba tapeti zote mbili huchezacheza zikitikiswa kwa vidole. Katika injini yenye silinda nyingi haiwezekani vali zote kufunga kwa pamoja, hivyo bomba la moshi na mdomo wa hewa huzibwa kwa kitambaa kilicholoweshwa oili. Yeyote anayeziba hana budi kutundika kibao kwenye stata au kwenye hendeli kinachosema kwamba bomba limezibwa.

Tatu, ikiwa injini italala kwa miezi, kijiko kimoja cha chai cha oili safi kitiwe katika kila silinda na injini izungushwe taratibu kwa mkono ili oili ienee. Isizidi kiasi hicho. Siku ya kuiamsha, izungushwe kwanza kwa mkono mizunguko kadhaa kabla ya kutumia stata.

Nne, tangi la dizeli litunzwe likiwa limejaa ili umande usipate nafasi ndani, na maji yaliyo chini ya tangi na ya kichujio yatolewe mara kwa mara. Tano, rejeta itiwe maji ya mvua yaliyochujwa pamoja na dawa ya kuzuia kutu, wala si maji ya kisima chenye chumvi. Sita, kichujio cha hewa kisafishwe mara nyingi zaidi wakati wa kiangazi.

Hapa yafaa kukumbusha jambo la usalama. Moshi wa injini una gesi ya kaboni monoksidi, isiyoonekana wala kunuka, nayo huua. Injini isijaribiwe ndani ya chumba kilichofungwa, hata kwa nusu saa hiyo ya mwezi.

INJINI ILIYOZAMA

Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuingia Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Katika msiba wa namna hiyo uhai wa watu ndio wa kwanza, na mashine ni kitu cha baadaye. Lakini baada ya kila gharika huja siku ambazo jenereta na mashine za kusaga huhitajiwa kuliko wakati wowote, na injini nyingi huharibiwa si na maji bali na haraka ya kuziwasha.

Injini iliyozama isizungushwe kwa stata. Maji hayagandamiziki kama hewa: pistoni ikiyakuta ndani ya silinda, hupinda mkono wake au kuvunja kitu kingine. Betri itolewe kwanza. Kama ni tope lililoingia katika silinda, kichwa kifunguliwe kabla ya kuzungusha hata robo mzunguko, kwa maana mchanga hukwaruza. Kama ni maji matupu, nozeli zifunguliwe, na injini izungushwe polepole kwa mkono hadi maji yatoke. Bomba la moshi lifunguliwe na kumwagwa. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa itolewe yote pamoja na kichujio chake, na dizeli yote iliyochafuka vivyo hivyo.

Iwapo maji yaliyoingia ni ya chumvi, baharia hufanya jambo linaloonekana kuwa kinyume: huiosha injini kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha huikausha na kuipaka oili. Sababu ni kwamba chumvi ikiachwa juu ya chuma huendelea kuvuta unyevu kutoka hewani hata baada ya maji kukauka, ambapo maji yasiyo na chumvi huondoka yote. Kuosha huko kwafaa pia kwa tope la magadi. Baada ya oili mpya kutiwa na injini kufanya kazi kwa saa moja hivi, oili hiyo nayo imwagwe na kutiwa nyingine. Upande wa umeme wa jenereta usiunganishwe mpaka nyaya zake zikauke na fundi umeme azipime.

Kazi hizi zina muda wake. Vali iliyolowa haingojei mwezi mzima ili ianze kulika. Kutu huonekana katika siku ya kwanza. Fundi aliye na spana, lita chache za mafuta ya taa na galoni moja ya oili, akianza kazi jioni ile ile maji yalipopungua, aweza kuokoa injini ambayo baada ya juma moja karakana kubwa haitaiweza. Na mwenye injini isiyopatwa na gharika yoyote anayo kazi nyepesi zaidi: anapoizima jioni, aizungushe kwa mkono hadi vali zifunge, atazame kama kifuniko cha bomba kimeanguka mahali pake, ndipo afunge mlango.